Teke la Bastola Linafundishwa Sebuleni. Akili Je?

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu bastola isiyoua. Nilikuwa naichukulia poa hii story mpaka ikanigeukia.

Mwaka juzi mimi na mbogi yangu tulikuwa tunashuti skiti mtaani. Hadithi ilikuwa simpo: jambazi mshamba anajaribu kumwibia mama mboga, mama mboga anamchapa na mwiko. Jambazi nilikuwa mimi. Bastola tuliagiza mtandaoni, ya plastiki nyeusi, inatumia gesi. Ukivuta traiga, ile slaidi ya juu inaruka nyuma, pap, na unasikia mkono umesukumwa. Hiyo ndiyo ilitumaliza kabisa. Tulisema hii sasa ni ya ukweli, watu watadhani tuko na bajeti.

Tukiwa mara ya tatu kurekodi, gari la polisi likasimama. Nilisikia "Lala chini!" kabla hata sijaona mtu. Nililala. Nakumbuka vumbi mdomoni na mama mboga akipiga nduru, "Ni watoto! Ni mchezo wa video!" Askari aliyeninyooshea bunduki alikuwa kijana, pengine tumelingana umri. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Mimi niliona hiyo mikono kuliko nilivyoona uso wake.

Jioni nilitoka kituoni baada ya wazazi kuja kunichukua. Ile toy ilibaki huko, na sijawahi kuiulizia.

Wikendi iliyofuata nikaenda kumsalimia guka yangu. Guka alikuwa AP miaka mingi, na kwa mambo ya bunduki si mtu wa maneno mengi. Nilimweleza yote, nikitegemea anihurumie. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Hiyo kitu ilikuwa inapiga teke ndiyo ikufundishe nini?" Nikakosa jibu. Akaniambia walipokuwa mafunzoni walibeba bunduki za mbao kwanza, wiki baada ya wiki, mpaka wakachoka nazo. Bunduki ya kweli ilikuja baadaye, na risasi zikaja mwisho kabisa, za kuhesabiwa.

Swali la guka ndilo limenifanya nisome historia ya hivi vifaa. Na historia yenyewe, manze, imejaa watu ambao huwezi kuwatunga.

Tuanze na tatizo lenyewe. Risasi ikitoka mbele, bastola inasukumwa nyuma. Hilo ndilo teke. Mwili wa binadamu hauna ujinga; ukipigwa teke mara mbili, mara ya tatu unajitayarisha. Vidole vinabana, mkono unasukuma mtutu chini, macho yanafumba, na yote hayo yanatokea kabla risasi haijatoka. Ndiyo maana mtu anaweza kulenga vizuri sana na bado apige mchanga. Walimu wa shabaha wana njia ya zamani ya kumnasa: wanachanganya risasi za kweli na za bandia ndani ya magazini bila yeye kujua mpangilio. Ikifika ya bandia, hakuna mlipuko, lakini mtutu unainama wenyewe. Hapo mtu anajiona vile huwa anaogopa.

Dawa ya kwanza ni mazoezi ya bastola tupu: unalenga ukutani, unavuta taratibu, unasikia "tik", unarudia. Hayana gharama na hayana kelele. Lakini bastola tupu haipigi teke. Kwa zile nyingi za kisasa, ukishavuta mara moja lazima uvute slaidi kwa mkono ndipo uvute traiga tena. Kwa hivyo unajifunza risasi ya kwanza peke yake. Ya pili, ambayo inategemea vile umelidhibiti teke la kwanza, hujifunzi.

Sasa ingia David Marshall Williams wa North Carolina, Marekani.

Mwaka 1921 Williams alikuwa anapika pombe haramu huko msituni, wakati Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe. Maafisa wa sheria wakavamia mtambo wake, risasi zikalia, na naibu wa sherifu aliyeitwa Al Pate akauawa. Williams alikiri kosa la mauaji ya daraja la pili na akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Huko gerezani alipewa kazi kwenye karakana, na mkuu wa gereza, akiona kipaji chake, akamwachia nafasi ya kutengeneza bunduki. Naam, mfungwa aliyefungwa kwa kifo cha afisa anatengeneza bunduki ndani ya gereza, na mkuu anajua. Aliachiliwa mwaka 1929.

Wazo mojawapo alilotoka nalo ni chemba inayocheza. Kampuni ya Colt ilikuwa imeanza kuuza bastola iliyoitwa Ace mwaka 1931. Ilifanana na ile bastola kubwa ya jeshi la Marekani ya .45, lakini ilitumia risasi ndogo za .22. Sababu ilikuwa pesa. Risasi ya .22 ilikuwa rahisi zaidi, na ile miaka uchumi wa dunia ulikuwa umelala chini. Shida ni kwamba risasi ndogo ina teke dogo, kwa hivyo ulikuwa unajifunza mkono ambao si wa bastola utakayobeba kazini.

Mwaka 1937 ikatoka Ace mpya yenye ufundi wa Williams ndani. Chemba, yaani pale risasi inapokaa, ilifanywa kipande cha peke yake kinachoweza kusogea kidogo. Risasi ikilipuka, gesi inaipiga chemba kwa mbele, chemba inarudi nyuma na kuigonga slaidi kwa nguvu. Basi risasi ndogo inaweza kusukuma slaidi nzito, na mkononi unasikia teke linalokaribia la .45. Hiyo ndiyo mashine ya kuigiza teke, karibu miaka 90 iliyopita, kabla ya mambo ya leza na simu.

Baadaye ufundi wake mwingine uliingia kwenye bunduki nyepesi ya M1 Carbine, ambayo Marekani ilitengeneza zaidi ya milioni 6. Mwaka 1952 Hollywood ikatoa filamu kumhusu, James Stewart akiigiza kama yeye. Ule msitu wa 1921 ukageuka kuwa mwanzo wa hadithi ya mafanikio. Mimi nikisoma hapo nilisimama. Williams alijua teke kuliko watu wengi duniani. Aliweza kulipima, kulikuza na kulifunga ndani ya chuma. Lakini siku ile msituni, mtu alikufa kwa sababu ya uamuzi, na uamuzi haukuwa na chemba ya kuchezea. Hilo ndilo swali la guka.

Sitaki mfikiri napinga mazoezi ya nyumbani. Hapana. Angalia Károly Takács wa Hungary.

Takács alikuwa mwanajeshi na mpiga bastola hodari. Mwaka 1936 hakupelekwa Olimpiki kwa sababu alikuwa sajenti, na nafasi zilikuwa za maafisa wenye vyeo vya juu. Mwaka 1938, kwenye mazoezi ya jeshi, guruneti mbovu lililipuka na kuharibu mkono wake wa kulia, ule ule wa kulengea. Watu wengi wangenunua shamba wasahau. Yeye akaanza kujifundisha kwa mkono wa kushoto, kimya kimya, bila kutangazia mtu. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa. Wenzake walidhani amekuja kuwapa moyo. Akashinda.

Olimpiki za 1940 na 1944 zikafutwa na vita. Alifika London mwaka 1948 akiwa na miaka 38, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi kwa pointi 580, rekodi ya dunia wakati huo. Mwaka 1952 kule Helsinki akachukua tena. Hakuwa na kifaa chochote cha kuigiza teke. Alikuwa na mkono ambao haujui kitu, na uvumilivu wa kuufundisha upya kama mtoto wa nasari.

Alafu kuna Japani, na hapa ndipo toy yangu inapopata ukoo wake.

Japani ina sheria kali sana kuhusu bunduki. Sheria ya 1958 ya silaha na panga ilifanya iwe karibu haiwezekani raia wa kawaida kumiliki bastola. Lakini vijana walikuwa wanaona filamu za Marekani na walitaka kushika kitu. Viwanda vya midoli vikatengeneza nakala za chuma zisizorusha risasi. Zikafanana sana na za kweli mpaka serikali ikaingilia: kuanzia 1971, bastola za mfano za chuma zilitakiwa zipakwe rangi nyeupe au njano na mtutu uzibwe. Watengenezaji wakahamia plastiki. Hapo ndipo ikakua ile michezo ya bunduki za kurusha vipira vya milimita 6, na baadaye bastola za gesi ambazo slaidi inaruka nyuma kila ukivuta. Gesi inakaa ndani ya magazini; sehemu inasukuma kipira, sehemu inasukuma slaidi. Mwaka 2006 sheria ikaongezwa tena, nguvu ya kipira isizidi karibu joule moja.

Kumbuka hiyo hatua ya rangi. Serikali ya Japani ilielewa miaka zaidi ya 50 iliyopita jambo ambalo mimi nililielewa nikiwa na vumbi mdomoni: mtu anayeelekezewa nakala hawezi kujua ni nakala.

Sasa, kuna mashindano yanaitwa Steel Challenge, yalianza kule California 1981. Unasimama, saa inalia, unachomoa bastola na kupiga sahani za chuma haraka uwezavyo. Kwa miaka mingi yalikuwa ya Wamarekani, watu ambao wana bunduki nyumbani na uwanja wa shabaha nyuma ya nyumba. Mwaka 2004 akaja Mjapani, Tatsuya Sakai, akayashinda. Mazoezi yake kwa sehemu kubwa aliyafanya Japani na bastola za gesi, za vipira vya plastiki. Hakuweza kumiliki ile ya kweli kwao, lakini mkono wake ulikuwa umechomoa, umelenga na umevuta mara nyingi kuliko wenye silaha kabatini.

Sisi Wakenya hatufai kushangaa. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki akiangalia YouTube, na mwaka 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia. Mtu anaweza kufundishwa na kivuli cha kitu mpaka akawapita wenye kitu chenyewe. Hiyo sibishani.

Siku hizi vifaa vimefika mbali. Kuna vya kutoa mtutu wa bastola yako na springi yake, unaweka mtutu wa mazoezi wenye tangi dogo la gesi ya kaboni. Ukivuta traiga, pini inagonga vali, gesi inaisukuma slaidi nyuma, inarudi yenyewe, na leza inamulika ukutani kuonyesha ungepiga wapi. Simu inakuhesabia alama. Na kuna jambo moja zuri kiusalama: mtutu wa kweli ukishatolewa, risasi ya kweli haiwezi kufyatuliwa. Hata hivyo wanaojua wanasisitiza utaratibu ule ule: kagua mara mbili, risasi zote zikae chumba kingine, na usilenge ukuta wenye watu nyuma yake.

Kwa nini wanasisitiza? Kwa sababu "haina risasi" ni sentensi iliyoua watu. Oktoba 2021, kule New Mexico, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa wakati wa maandalizi ya filamu ya Rust. Bastola ile haikupaswa kuwa na risasi ya kweli. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wa sinema, wenye wataalamu wa silaha wa kulipwa. Sisi tulikuwa vijana wanne, mama mboga mmoja na simu yenye kioo kimepasuka.

Nirudi kwa swali la guka. Mtu aliyelijibu kidogo ni Mwafrika, na hakuwa polisi. Ni Jody Scheckter wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1979 akiendesha Ferrari. Alipoacha mbio, alihamia Marekani, na mwaka 1984 akaanzisha huko Georgia kampuni ya mashine za kufundishia polisi na wanajeshi. Unasimama mbele ya skrini kubwa ukiwa na silaha iliyobadilishwa. Video inaanza: mtu anatoka kwenye gari, mkono uko mfukoni. Atatoa nini? Bastola? Leseni? Simu? Una sekunde moja. Ukimpiga mwenye leseni, mashine inakuonyesha umempiga mwenye leseni, na mwalimu amesimama hapo hapo anakuuliza kwa nini.

Hapo kifaa kimeanza kufundisha kichwa. Teke ni robo ya somo. Robo tatu ni kujua wakati wa kutofyatua, na kutofyatua hakuna teke, hakuna sauti, hakuna alama kwenye simu. Ndiyo maana halifanyiwi mazoezi. Halinogi.

Huu ndio msimamo wangu, na mnaweza kunipinga. Kenya tumezoea kuongea kuhusu bunduki kama suala la makaratasi. Mwisho wa 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye leseni ya bunduki akaguliwe upya na apewe kadi ya kisasa. Sawa, ilikuwa vizuri kujua nani ana nini. Lakini kadi inasema unaruhusiwa kubeba. Haisemi mara ya mwisho ulifanya mazoezi ya kutofyatua ni lini. Hata polisi wetu, tunawauliza sana kuhusu idadi ya risasi na magari, na kidogo sana kuhusu saa ambazo kijana mpya amekaa mbele ya skrini akikosea bila kuua mtu.

Machi 2020, usiku wa kafyu, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya kwao Kiamaiko hapa Nairobi. Polisi mmoja alifikishwa mahakamani kwa kesi hiyo. Mimi si hakimu. Ninachosema ni kwamba balkoni, giza, kelele na watoto wanaochungulia ni jambo la kila usiku kwenye mitaa yetu. Hali kama hiyo ingefaa kuwa somo la kwanza kwenye skrini, watu wakosee huko mara 100, alafu ndio wapewe silaha ya kuzunguka nayo Eastlands.

Na sisi vijana wa content pia tuna deni letu. Sheria ya silaha ya Kenya, sura ya 114, inataja hata bunduki bandia, na watu wanashtakiwa kwa kupatikana nazo. "Ilikuwa props" haitakusaidia kwa yule anayekuona kutoka mita 30. Mimi nilijifunza kushika bastola vizuri mno. Niliangalia video, nikajua kidole kinakaa wapi, mabega yanakaa aje, teke linapokelewa namna gani. Ufundi huo wote ndio ulinifanya nionekane jambazi wa kweli. Kama ningekuwa nimeishika kishamba, pengine lile gari lingepita.

Nimewahi kumfikiria sana yule askari kijana. Alikuwa na nafasi, na kwa macho yake alikuwa na sababu. Kidole kilikuwa pale. Hakuvuta. Sijui alifundishwa na nani, au kama ni nduru ya mama mboga ndiyo ilimsimamisha. Lakini niko hapa naandika kwa sababu ya kitu ambacho hakukifanya, na hakuna mtu aliyempa cheti kwa hilo. Kama atasoma hii, asante bro.

Guka nilimrudia mwezi uliopita na haya yote. Nikamweleza kuhusu Williams na chemba yake, kuhusu Sakai na vipira. Alifurahishwa zaidi na Takács, akaniambia nirudie ile sehemu ya mkono wa kushoto. Alafu nikamuuliza, miaka yote ile ya AP, alifyatua mara ngapi kazini? Akanyanyua chai, akasema mara nyingi alizonyanyua bunduki, aliirudisha chini. "Hiyo ndiyo ilikuwa kazi," akasema, na akarudi kwa redio yake.

Skiti tuliirekodi upya. Jambazi sasa anakuja na gunzi la mahindi ndani ya mfuko wa karatasi. Mama mboga anacheka kabla hata hajachukua mwiko, na kusema kweli, imetoka poa kuliko ya kwanza.